Mguu wa Chansela

Mwaka 1938 Mahakama Kuu ya Tanganyika iliombwa iamue habari ya ng'ombe. Kisunda bin Ifuti alikuwa na hukumu mkononi dhidi ya kijana mmoja, na hukumu hiyo ilikaziwa kwa kukamata ng'ombe wa baba wa kijana huyo, Gwao bin Kilimo. Gwao alipinga. Deni halikuwa lake. Kwa nini zizi lake ndilo lilipe? Upande wa pili ulijibu kwamba kwa mila, baba hubeba deni la mwanawe.

Amri ya Mfalme katika Baraza ya mwaka 1920, iliyoweka mahakama za Kiingereza Tanganyika, ilisema katika kifungu cha 24 kwamba mashauri ya wenyeji yaongozwe na mila zao, mradi mila hizo zisipingane na haki na maadili. Haki ya nani na maadili ya nani, Amri haikusema. Jaji Wilson alilijibu swali hilo bila kuzunguka. Alikiri kwamba kila jamii ina kipimo chake cha haki na maadili, na kwamba vipimo hivyo havilingani. Kisha akaamua kwamba mahakama ya Kiingereza iliyoko Afrika haiwezi kutumia kipimo kingine chochote isipokuwa cha Kiingereza. Kwa kipimo hicho, kumlipisha baba deni la mwana ni dhuluma. Gwao akashinda.

Wengi wetu tungempa Gwao ng'ombe wake. Lakini wapo ambao wangeuliza kwanza: wale walikuwa ng'ombe wa Gwao peke yake, au wa nyumba nzima, pamoja na kijana ambaye angeozwa mke kwa ng'ombe hao hao? Na huyu mdai, aliyekulia katika mila ile na kuitegemea, aende wapi kudai haki yake? Kipimo kikishachaguliwa namna ile, maswali hayo hayana pa kusimama. Mimi sina ugomvi na matokeo ya shauri lile. Ugomvi wangu ni na uhakika wa jaji kwamba kulikuwa na kitu kimoja, kilichonyooka, kinachoitwa kipimo cha Kiingereza. Waingereza wenyewe walikuwa wamegombana juu ya kipimo hicho kwa karne nyingi, wakafungana gerezani kwa ajili yake, na mfalme mmoja ilibidi aingie kati.

Katika karne ya 12 na ya 13 wafalme wa Uingereza walijenga mahakama ambazo majaji wake walizunguka nchini wakitoa hukumu za namna moja kwa watu wote. Huo ndio mwanzo wa komoni loo. Mtu aliyetaka kushtaki alinunua hati katika ofisi ya mfalme iliyosimamiwa na Chansela, na kila aina ya dhuluma ilikuwa na hati yake, yenye maneno yake maalumu. Mwanzoni hati mpya zilitungwa kila zilipohitajika. Lakini mwaka 1258 mabwana wakubwa walimbana Mfalme Henry wa Tatu katika mkutano wa Oxford, na mojawapo ya masharti yao lilikuwa kwamba Chansela asitoe hati za namna mpya bila idhini ya mfalme na baraza lake. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwani anayetunga hati anatunga sheria. Hata hivyo, baada ya hapo mtu aliyedhulumiwa kwa namna isiyo na hati yake alijikuta hana pa kushtaki.

Dhuluma iliyojirudia sana ilihusu ardhi. Mtu anakwenda vitani, au anataka kuikinga familia yake na tozo za bwana wa ardhi, basi anamkabidhi rafiki shamba lake: lishike kwa jina lako, ila mazao yawe ya mke wangu na wanangu. Rafiki anakubali. Mwenye shamba anakufa, na rafiki anawafukuza mjane na watoto. Majaji wa komoni loo wakitazama, wanaona aliyekabidhiwa shamba kwa taratibu zote za sheria ni yule rafiki, na hukumu yao inaishia hapo. Ahadi ya mdomo kati ya marafiki haikuwa na hati.

Waliofukuzwa walimwandikia mfalme. Barua zilipokuwa nyingi, mfalme alizipeleka kwa Chansela, ambaye kwa miaka mingi alikuwa askofu au padri, mtu aliyezoea kusikiliza maungamo. Chansela hakuuliza hati ni ipi. Alimwita mshtakiwa kwa hati ya wito yenye tishio la faini, akamwapisha, akamhoji. Na alipoona ameahidi, hakumwambia kwamba shamba si lake. Alimwambia: shamba ni lako kisheria, lakini dhamira yako haikuruhusu kulila peke yako, wape wenyewe mazao, na ukikataa utakaa gerezani mpaka ukubali. Kwa njia hiyo ya pembeni, isiyogusa sheria bali inayombana mtu, ikazaliwa elimu nzima ya wadhamini. Bodi za wadhamini zinazoshika viwanja vya makanisa, shule na vyama katika miji yetu zina asili yake katika mashamba yale.

Wazo lenyewe lilikuwa la kale kuliko Uingereza. Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake kiitwacho kwa jina la Nicomachus, alieleza kwamba kosa haliko kwa sheria wala kwa mtunga sheria, liko katika asili ya mambo. Sheria lazima iseme kwa jumla. Maisha hayaji kwa jumla. Panapotokea jambo ambalo mtunga sheria hakuliona, inafaa kusahihisha sheria kwa kusema lile ambalo yeye mwenyewe angelisema kama angekuwepo. Akatoa mfano wa waashi wa kisiwa cha Lesbos waliotumia rula ya risasi, inayojikunja kufuata umbo la jiwe. Mwaka 1523 mwanasheria Christopher St German alianza kuchapisha mazungumzo yake kati ya mwanateolojia na mwanafunzi wa sheria, na kwa kitabu hicho wanasheria wa Uingereza wakapata namna ya kulisema wazo hilo kwa lugha ya kazi yao: sheria inayofuatwa kwa ukali wote inaweza yenyewe kuwa dhuluma.

Majaji wa komoni loo hawakupenda. Thomas More, aliyekuwa Chansela kuanzia 1529 hadi 1532, alisikia manung'uniko yao juu ya mazuio aliyokuwa akiyatoa dhidi ya hukumu zao. Mkwewe, William Roper, ameandika kwamba More aliwaalika chakula cha mchana, na baada ya kula akawaonyesha zuio moja baada ya jingine pamoja na sababu zake. Wakakiri kwamba wao wenyewe wasingefanya vingine. More akawaambia: basi laineni ukali wa sheria yenu kwa busara yenu wenyewe, nami sitatoa zuio tena. Wakakataa. Namwona More hapo kama mtu aliyeona mbali. Alitaka insafu, yaani haki hiyo ya dhamira inayolainisha ukali wa sheria, iishi ndani ya kila mahakama, isiwe nyumba ya pili yenye bwana wake. Kukataa kwao kuliifanya iwe nyumba ya pili, na nyumba mbili zilikuja kugombana.

Ugomvi ulilipuka kwa ajili ya kiwanja nje ya lango la Aldgate, London. Kiwanja hicho kilikuwa mali ya Magdalene, chuo cha Cambridge. Mwaka 1571 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia vyuo visiuze ardhi yao, maana wakuu wa vyuo walikuwa wakiuza urithi wa vizazi vijavyo kwa bei ya kutupa. Miaka michache baadaye chuo kilimuuzia Malkia Elizabeth kiwanja hicho, kwa makubaliano kwamba naye akipitishe kwa Benedict Spinola, mfanyabiashara wa Genoa. Ilidhaniwa kwamba sheria haimfungi malkia, kwa hiyo ardhi ikipita mikononi mwake itatoka safi. Ilikuwa hila, na kila aliyehusika alijua ni hila. Baadaye kiwanja kikafika kwa Edward de Vere, Earl wa Oxford, na juu ya ardhi ile zikajengwa nyumba 130.

Sasa nyumba zimesimama, thamani imepanda, na chuo kina mkuu mpya, Barnabas Gooch. Gooch anasema mauzo yale yalikuwa batili tangu siku ya kwanza. Anampangisha mtu mmoja, John Smith, moja ya nyumba zile, ili shauri lifike mahakamani. Mwaka 1615 Jaji Mkuu Edward Coke na wenzake wakakubaliana naye: sheria ya 1571 ilimfunga hata malkia, kwa hiyo mauzo hayakuwa mauzo, na ardhi ni ya chuo pamoja na kila kilichojengwa juu yake. Kwa herufi, hukumu ile ilikuwa sahihi. Coke alikuwa akiilinda sheria nzuri, iliyotungwa kwa sababu nzuri, dhidi ya ujanja wa wazi. Hili watu wengi wanaosimulia kisa hiki hulipita haraka, nami naona halistahili kupitwa. Sheria ni msumeno, na Coke alitaka ukate hadi kwa mwenye taji.

Warithi wa Earl, ambao hawakuhusika na hila ile, wakakimbilia kwa Chansela, Thomas Egerton, Lord Ellesmere. Gooch na Smith walikataa hata kujibu madai, wakisema shauri limekwisha kuhukumiwa. Ellesmere akawatia gerezani. Kisha akatoa maelezo ambayo bado yanasomeshwa katika shule za sheria. Alisema matendo ya wanadamu ni mengi na ya namna nyingi mno, wala hapawezi kutungwa sheria ya jumla ikakidhi kila tukio bila kukosea mahali. Ndiyo maana Chansela yupo. Akaegemea pia Kumbukumbu la Torati, sura ya 28, ambapo kujenga nyumba na kutokaa ndani yake kunatajwa kuwa laana ya waovu: basi mahakama isiwape laana hiyo watu waliojenga kwa nia njema, huku chuo kikichukua ardhi na majengo kwa kosa ambalo chuo chenyewe kilitenda. Wala hakusema Coke amekosea. Alisema hukumu ya Coke ibaki ilivyo, ila aliyeipata kwa dhamira mbaya asiruhusiwe kuitumia.

Coke hakuwa mtu wa kukubali tofauti hiyo. Alikuwa amekwisha kumtoa gerezani sonara mmoja, Glanvill, aliyemlalia kijana kwa kumuuzia kito cha thamani ndogo kwa bei ya kito cha thamani kubwa, akapata hukumu ya komoni loo ya kudai fedha zake, na akafungwa na Chansela alipokaidi amri ya kuzirudisha. Hapa, kinyume na kisa cha chuo, siwezi kumtetea Coke. Aliutetea utaratibu ukiwa mikononi mwa tapeli. Ugomvi wa mahakama hizo mbili ukafika kwa Mfalme James wa Kwanza, naye akataka ushauri wa Mwanasheria wake Mkuu, Francis Bacon, mshindani wa Coke wa siku nyingi. Mwaka 1616 mfalme aliamua kwamba sheria na insafu zikigongana, insafu ndiyo ishike. Kabla mwaka haujaisha, Coke alikuwa ameondolewa kazini, ingawa kwa sababu zaidi ya hii moja.

Bacon mwenyewe akawa Chansela. Mwaka 1621 alishtakiwa bungeni kwa kupokea zawadi kutoka kwa watu wenye mashauri mbele yake, akakiri, akavuliwa cheo. Ni jambo la kuumiza. Mtu aliyemsaidia mfalme kuiweka dhamira ya Chansela juu ya kanuni za mahakama ndiye aliyeonyesha dhamira hiyo ilivyo nyepesi kuguswa.

Kwa hiyo John Selden hakuwa akitania bure. Alikuwa mwanasheria na msomi mkubwa, na mazungumzo yake yalichapishwa mwaka 1689, miaka 35 baada ya kifo chake. Alisema komoni loo ina kipimo tunachokijua, lakini insafu inafuata dhamira ya aliye Chansela kwa wakati ule: ni sawasawa na kuufanya mguu wa Chansela kuwa kipimo cha urefu. Huyu ana mguu mrefu, yule mfupi, yule mwingine wa kadiri.

Hoja hiyo si ngeni kwa watu wa mwambao. Makadhi wa Mombasa, Lamu na Unguja wamehukumu kwa karne nyingi wakifuata zaidi madhehebu ya Imam Shafii, aliyefariki Misri mwaka 820. Mafakihi wa Kihanafi wa Iraki walikuwa na njia waliyoiita istihsani: kiasi, yaani kulinganisha jambo jipya na lililokwisha kuhukumiwa, kikimpeleka hakimu kwenye hukumu yenye madhara, aweza kukiacha na kuchagua iliyo bora. Shafii aliiandikia kitabu kizima cha kuibatilisha. Kwake, anayehukumu kwa kuona vyema tu amejifanya mtunga sheria, na kutunga sheria si kazi ya mwanadamu. Wahanafi nao walijibu kwamba istihsani ina dalili zake, si matamanio ya mtu. Imam wa karne ya 9 na mwanasheria wa London wa karne ya 17 walitoka mbali kwa kila jambo, na wote wawili waliogopa kitu kile kile: hakimu mwema asiye na mipaka.

Uingereza ilitibu hofu ya Selden kwa kuifanya insafu yenyewe kuwa kanuni. Lord Nottingham alianza kuipanga kuanzia 1673, Lord Hardwicke akaendeleza katika karne iliyofuata, na Lord Eldon, aliyekalia kiti hicho kwa takriban miaka 25 hadi 1827, akaikamilisha. Eldon aliwahi kusema katika hukumu ya 1818 kwamba hakuna ambacho kingemuumiza zaidi, akiondoka kazini, kuliko kujua kwamba amefanya lolote la kustahili lawama ile ya mguu wa Chansela. Basi akapima kila kitu, akaahirisha, akapima tena. Mahakama iliyoanzishwa kuwaokoa wajane ikawa inawazika. Shauri la mirathi ya Jennens lilianza mwaka 1798 na lilizimika mwaka 1915, mali yote ikiwa imeliwa na gharama za shauri. Charles Dickens aliandika riwaya yake ya 1852 na 1853, Bleak House, juu ya mahakama hiyo.

Hatimaye, kwa sheria za 1873 na 1875, Bunge likaziunganisha nyumba mbili. Tangu hapo kila jaji akawa na mamlaka yote mawili, na uamuzi wa mwaka 1616 ukaandikwa katika kifungu cha 25 cha sheria ya 1873: panapokuwa na mgongano, insafu ishinde. Kilichotokea ni kile alichokipendekeza More mezani kwake, baada ya kuchelewa miaka 340 na zaidi.

Ni mchanganyiko huo uliopakiwa kuja kwetu. Kenya hadi leo, kwa kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama ya 1967, inafuata komoni loo na kanuni za insafu kama zilivyokuwa Uingereza tarehe 12 Agosti 1897. Tanzania tarehe yake ni 22 Julai 1920. Sheria za nchi zote mbili zinaongeza sharti kwamba kanuni hizo zitumike kwa kadiri hali ya nchi na wakazi wake inavyoruhusu. Kwa miaka mingi sharti hilo lilikuwa pambo. Mwaka 1955 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikuwa na shauri la tozo za daraja la Nyali, Mombasa, katika ule ukanda wa pwani uliokuwa bado chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar. Lord Denning akasema humo kwamba sheria ya Kiingereza ni mwaloni: ukiuhamishia Afrika utakua, lakini unahitaji kupogolewa na kutunzwa ufae udongo mpya, kwa sababu watu wanastahili sheria wanayoielewa na kuiheshimu. Yalikuwa maneno mazuri. Ila miaka 17 kabla yake, katika shauri la Gwao, mambo yalikwenda kinyume: mti haukupogolewa, udongo ndio uliotakiwa ubadilike. Insafu iliyobuniwa kumsaidia mtu aliyekosa hati ilikuwa imegeuka chombo cha kuifuta mila ya mtu bila kumwuliza.

Uhuru haukuondoa mti. Uliwabadilisha wenye shoka. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja pale ndoa inapovunjwa, ikizingatia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Kazi gani? Kwa zaidi ya miaka kumi majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana. Wapo waliosema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke, na wajibu hauhesabiwi kuwa mchango. Wengine wakasema mume asingejenga nyumba kama hakuna aliyekuwa akiitunza familia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza mgogoro: kazi za nyumbani ni mchango. Nyalali alitazama dhuluma ambayo Bunge lilikusudia kuiondoa, akaisoma sheria kwa namna ya kuiondoa kweli. Ni Aristotle kabisa, ila kipimo kilitoka kwenye sheria ya nchi na maisha ya wanawake wake.

Na mwanamke aliyeleta rufaa ile hakupata nyongeza aliyoiomba. Mahakama ilizihesabu fedha alizokuwa amekwisha kupewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia, ikaona hakuna zaidi anachostahili. Inanisikitisha kila ninapolisoma shauri hilo, kwamba mlango uliofunguliwa kwa jina lake umepitiwa na maelfu, yeye akibaki nje.

Kanda ya Ziwa ndiko kipimo cha Jaji Wilson kilikojibiwa vizuri zaidi. Tamko la Sheria za Mila la 1963 lilisema mwanamke aweza kutumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini asiliuze. Mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Jamaa wa ukoo akaenda mahakamani kuyabatilisha mauzo, na Mahakama ya Mwanzo ikampa. Hakimu wa wilaya kule Muleba akatengua, akisema kwamba kwa Hati ya Haki, iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, wanawake wa ukoo wana haki sawa na wanaume. Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kuanzia hapo mwanamke wa Kihaya anauza shamba la ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Angeweza kukaa katika njia ya Wilson, akaiita mila hiyo chukizo kwa maadili. Alipima kwa ibara ya 13 ya Katiba inayokataza ubaguzi. Mila ilishindwa, lakini ilishindwa na ahadi ambayo nchi ilijiwekea yenyewe, na hakimu wa kwanza kulisema alikuwa hakimu wa wilaya ile ile.

Kenya imekwenda mbali zaidi, na imebaki na masalia. Katiba ya 2010, katika ibara ya 159, inataka haki itendeke bila kung'ang'ania ufundi wa taratibu, na inazihimiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, kisha inarudia karibu neno kwa neno sharti la kikoloni kwamba njia hizo zisipingane na haki na maadili. Ibara ya 10 nayo inaitaja insafu miongoni mwa tunu za taifa.

Tunu hiyo ilipata mtihani katika ardhi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka mauzo ya shamba yapate kibali cha bodi ya ardhi. Yasipokipata kwa wakati, ni batili, na mnunuzi arudishiwe fedha zake basi. Sababu yake ni nzuri: mwenye hati asiwauzie mke na watoto ardhi iliyo chini ya miguu yao. Lakini vijijini watu waliuziana kwa makubaliano ya karatasi moja na mashahidi, bila kwenda bodi. Mnunuzi analipa, anahamia, anajenga, anazika wazazi pale. Miaka kumi au ishirini baadaye, bei ikiwa imepanda, muuzaji au wanawe wanakumbuka kibali. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilitoa majibu mawili. Jopo moja lilisema aliyepokea fedha na kumwacha mnunuzi akae anaishika ardhi ile kama mdhamini wake. Jopo jingine likasema insafu haiwezi kufufua kile ambacho Bunge limekiita batili. Coke na Ellesmere walikuwa wamekaa tena, safari hii katika mahakama moja. Mwaka 2018 mahakama hiyo ilichagua upande wa insafu, ikiegemea ibara ya 10.

Nadhani ilichagua vyema, lakini naogopa jambo moja. Waliolindwa na sheria ya 1967 hawakuwa wauzaji. Walikuwa wake zao na watoto wao, ambao mara nyingi hawakuonyeshwa karatasi ile wala hawakuiona ile fedha. Hakimu anayepelekewa shauri la namna hii leo atasikia sana kuhusu mnunuzi na muuzaji, nani alilipa, nani alinyamaza, nani alijenga. Kabla hajaamua, inampasa aamuru aletwe mahakamani pia yule mama anayelima upande wa pili wa shamba, aulizwe kama alijua.